Miguu ya Kwenda kwa Sabiha

6 Oktoba

Kuanzia daraja la Kirumi mpaka Kibara, mkoa mzima wa Mara, hakuna mtu ambaye theluji inamsubiri ila mimi, Rashidi, fundi cherehani wa Mwisenge. Wabunge wamepita hapa, wakurugenzi wamepita, hakuna hata mmoja aliyeitwa kwenda kuteleza. Mimi nimeitwa. Ndiyo maana naandika. Mtu mkubwa akisafiri bila kuandika, watu wataandika wenyewe, na wataandika upuuzi.

Aliyeniita ni Sabiha, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Mwanaupe. Yuko Austria mwaka wa saba huu. Kaolewa na Emre, Mturuki aliyezaliwa huko huko, kazi yake kuendesha mashine ya kupandisha watu mlimani. Wakifika juu wanafunga mbao mbili miguuni, wanashuka kwa kuteleza. Leo Sabiha katuma voisi, nimeisikiliza mpaka chaji ikaisha.

"Mjomba, njoo mwezi wa kumi na mbili, Emre atakufundisha. Ila mazoezi uanze sasa. Msimu ukianza huku watu wanaumwa mapaja wiki nzima kwa sababu mwaka mzima wamekaa. Unaegemea ukuta, unashuka kama umekaa kwenye kiti ambacho hakipo. Kidogo kidogo, mjomba. Usianze kwa pupa, nakujua."

Ananijua, lakini miguu yangu haijui. Miguu hii imekanyaga cherehani miaka thelathini. Ingekuwa baiskeli ningekuwa nimefika Makka na kurudi, na njiani ningewapita watu wa magari.

Mawingu yalikuja jioni. Hayakunyesha.

7 Oktoba

Nimeanza. Kidogo kidogo ni ya wagonjwa. Nimekaa kwenye kile kiti kisichokuwepo mpaka adhana, nikaruka kichura uani, halafu nikapanda kilima nikikimbia. Vijana wa bodaboda waliacha abiria wakanitazama. Mmoja alitaka kunipiga picha, nikamwambia asubiri ya theluji.

8 Oktoba

Nimeamka kichwa tu. Sehemu nyingine zimekataa.

9 Oktoba

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Sitaandika zaidi ya hapo. Namshukuru aliyeweka bomba la maji karibu, kwa sababu ndilo nililoning'inia.

11 Oktoba, Ijumaa

Nimeswali kwenye kiti cha plastiki, safu ya nyuma, katikati ya wazee wa meno mawili mawili. Rukuu imenishinda, sijda ndiyo usiseme. Tulipotoka, Khalidi muuza kahawa alikuwa ameshaweka birika lake nje, ananisubiri kama nina deni la damu.

"Fundi Rashidi! Theluji imekufikia magotini?"

"Haya ni maumivu ya kitaalamu, Khalidi. Wewe huwezi kuyapata, hujaalikwa."

"Kweli. Mimi maumivu yangu ya bure tu."

Kijiwe kizima kilicheka. Khalidi tumekua naye, na tangu utotoni hajawahi kunipa nafasi ya kupumua. Nikirudi kutoka Austria nitakunywa kahawa kwa mwingine.

15 Oktoba

Sabiha kasema nisilale tu, nitembee polepole, maumivu yataondoka yenyewe. Nimetembea mpaka kwa dada Mwanaupe. Ni nyumba ya sita kutoka kwangu, nimefika nikiwa nimeshika kuta za watu.

Dada moyo umepanuka, miguu imevimba, hospitali wamempa vidonge na wamemkataza chumvi. Ananizidi miaka minane. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, ndiyo maana hata leo nikiingia kwake natoa kofia.

Aliniacha nijisifu weee, mpaka nikamaliza. Halafu akasema: "Rashidi, mimi hayo mambo ya mbao sina shida nayo. Mimi nataka kitu kimoja. Kamwangalie mwanangu."

"Si unamwona kila Jumapili kwenye simu, dada."

"Simu inaonyesha uso. Kila Jumapili uso, uso. Amekaa. Namwambia simama nikuone, anasema mtandao unakata. Mimi nimemzaa, nataka kujua anatembeaje. Mtu uso anaupanga, mwendo hawezi. Nenda umwone akitembea, urudi uniambie, nipumzike."

Nikamwambia hilo ni dogo. Nitamwona akitembea, akikimbia, akiteleza.

"Akitembea tu inatosha," akasema.

16 Oktoba mpaka 20

Ukuta. Ukuta. Kidogo kidogo, kama alivyosema. Joto.

24 Oktoba

Nimeenda mnadani kwenye mitumba. Nimepata suruali ya theluji yenyewe, ile iliyotuna kama godoro, ina mikanda ya mabegani. Wavuvi wa dagaa wanazivaaga ziwani kwa ajili ya baridi, kwa hiyo nilimpokonya mvuvi mmoja wa Murangi aliyekuwa ameishika. Nikamweleza kwamba yeye anaenda ziwani tu. Nimeipunguza kiuno kwa cherehani yangu. Nimeivaa ndani ya nyumba kujaribu, jasho likatoka mpaka kwenye masikio.

4 Novemba

Nimeenda Butiama kwa rafiki yangu Bernado. Zamani alikuwa mvuvi Murangi, sasa analima mihogo kwa upande wa mkewe, Eufrasia. Kwake kuna mwinuko wa majani na mawe makubwa ya kupanda. Nimepanda na kushuka mchana kutwa, goti likikunjwa, mgongo umenyooka. Kesho yake, hakuna maumivu! Kabisa! Nimechuchumaa kama mtoto.

Eufrasia alikaa kwenye kizingiti akimenya mihogo, akaniuliza: "Shemeji, huko wanashuka mlima halafu wanapandishwa tena ili washuke?"

"Ndiyo."

"Na hawajaiba kitu wala hawafukuzwi?"

Nimemwambia ni mchezo. Akasema sawa, akamtazama mumewe.

12 Novemba

Karatasi za mwaliko bado. Bila hizo ubalozi hawanisikilizi. Sabiha anasema wiki ijayo, Emre ana kazi nyingi, msimu unaanza. Kijiweni nimewaambia viza imetoka. Ni kama imetoka.

Mawingu yamekuja, yameondoka. Bernado kapiga simu, anasema mihogo inasinyaa.

19 Novemba

Wiki ijayo.

26 Novemba

Voisi zake zimekuwa fupi. Zamani alikuwa ananisimulia hadi rangi ya mapazia. Sasa ni "salama mjomba, nipo kazini." Siku moja nyuma yake nilisikia wanawake wakigombana kwa lugha ya huko. Nikamuuliza ni nani. Akasema televisheni.

1 Desemba

Dada ameanza kulala akiwa ameketi, pumzi haitoshi akijinyoosha. Ameniuliza tarehe ya safari. Mdomo wangu ukasema tarehe kumi na nne. Mimi mwenyewe nimeisikia kwa mara ya kwanza hapo hapo.

Miguu ni imara. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nakaa ukutani mpaka mate yanakauka na mapaja hayatetemeki.

10 Desemba

Voisi ya Sabiha imekuja saa nne asubuhi, nikiwa naweka zipu kwenye sketi ya mteja. Nimeisikiliza mara moja tu, sitaki tena, lakini yote ninayo kichwani.

"Mjomba, kama umesimama kaa. Usije. Emre siko naye tangu mwezi wa nane. Nafanya usafi hotelini, nalala chumba kimoja na wasichana wawili. Mgongo ulinipata nikigeuza magodoro, mguu wa kushoto haunyooki, natembea kwa fimbo. Karatasi sikutuma. Nilipokualika nilifikiri mpaka Desemba mambo yatakuwa yamekaa sawa, halafu ukafurahi sana nikashindwa kurudi nyuma. Nisamehe. Usimwambie mama. Akijua nachechemea atakufa, mjomba, na mimi nauli ya kuja kumzika sina."

Mwezi wa nane. Na mwaliko ulikuwa mwezi wa kumi. Emre atakufundisha, Emre ana kazi nyingi, yote hayo alikuwa anayatunga akiwa kitandani amelala kwa tumbo. Watu wa ukoo wa baba yake hawana hicho kipaji. Huyu mtoto amenifuata mimi.

Nimemaliza zipu. Nimeiweka nyuma mbele, nikaifumua.

11 Desemba

Nilienda kwa dada kumwambia safari imeahirishwa. Hilo tu, imeahirishwa, hata sababu nilishaiandaa. Nikamkuta amesimama jikoni, ameshika meza, anakaanga dagaa. Mtu ambaye kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara mbili.

"Anawapendaga wakavu, wa pilipili," akasema. "Usiwafunge kwenye nailoni, watatoa jasho. Nimewatafutia kopo."

Nikasema nitashika kopo kwa mikono miwili njia nzima.

13 Desemba, Ijumaa

Dua ya msafiri imesomwa kwa dada, uani. Mtaa mzima ulikuja. Kwetu mtu akishasomewa dua ya safari amekwenda, hata kama amesimama mbele yako. Ukirudi usiku ule ule ni nuksi, watu wanajiuliza umebeba nini. Nililijua hilo, na nilikaa pale katikati nimevaa kanzu, nikasema amina kila walipoomba.

Kilichoniumiza ni Khalidi. Nilimsubiri anirushie neno, anikasirishe kidogo nipate nguvu. Hakurusha. Alilia. Alinishika mkono akasema: "Fundi, ukifika huko tembea polepole, barafu haina rafiki. Rudi salama. Nitamtania nani ukivunjika?" Akanipa kofia ya sufu ambayo najua ni ya marehemu kaka yake.

Mimi huyu Khalidi nimemwandika vibaya humu.

14 Desemba

Wamenisindikiza stendi, nimepanda basi la Mwanza, nimepunga mkono kama rais. Nimeshuka Bunda. Nimekaa hapo hapo, Kabasa, kwenye benchi la muuza chai, na begi, na kopo, na suruali ya theluji, mpaka muuza chai akaniuliza kama namsubiri mtu. Nikamwambia naelekea Ulaya. Akasema basi la kwenda huko limeshapita. Hakuwa anatania, alifikiri ni jina la kijiji.

Jioni nimechukua gari la kurudi mpaka Makutano, halafu bodaboda hadi Butiama. Bernado kanifungulia mlango. Hakuuliza kitu. Eufrasia kauliza kwa ajili ya wote wawili.

15 Desemba

Nimemtumia Sabiha voisi: ukiulizwa na mama, nimefika, nipo kwako, nimelala.

Akapiga simu: "Mjomba, unanifanya na mimi nidanganye."

Nikamwambia wewe ndiye uliyeanza.

Akacheka kidogo, halafu akalia, halafu chaji yake au yangu ikaisha.

17 Desemba

Siwezi kula chakula cha watu bure. Nimeshika jembe. Ardhi ni kavu kama sahani. Nilidhani kwa miguu hii niliyoiandaa miezi miwili nitalima mpaka Serengeti. Kumbe mapaja ya ukutani hayaujui mgongo wa jembe.

18 Desemba

Kichwa tu tena.

Eufrasia kaniletea uji shambani, akaniona nimejilaza kwenye tuta. "Shemeji, Ulaya yako ina magugu."

20 Desemba

Dada kapiga. Nilikimbilia nyuma ya nyumba ili jogoo asisikike. Jogoo akanifuata.

"Rashidi, huko nako wanafuga?"

"Wanafuga, dada. Majogoo ya huko yanavaa soksi."

Akacheka, halafu akakohoa kwa muda mrefu. Akauliza: "Umemwona?"

"Yuko kazini, dada. Kuna theluji, mtandao unakata."

Nimetumia maneno yale yale ya Sabiha.

22 Desemba

Mawingu. Hakuna.

25 Desemba

Bernado na Eufrasia wamekwenda kanisani, wamerudi na wageni. Nimejificha stoo na magunia kwa sababu mmoja wa wageni ni wa Musoma. Nikasikia wanacheka, wanakula. Nilikuwa na njaa.

28 Desemba

Nilifikiri hivi: nikirudi wataniuliza kuteleza kukoje, na mimi sipendi kusema uongo mtupu, uongo wangu siku zote una mfupa ndani. Nikachukua mbao mbili za tenga la nyanya, nikapigilia kandambili juu, nikafunga na mipira. Nikavaa suruali ya theluji na kofia ya sufu. Jua la saa saba. Nikapanda juu ya ule mwinuko wa majani, ambayo kwa ukame huu yanateleza kuliko sabuni.

Sabiha alisema goti likunje, uzito mbele. Nikakunja. Nikaenda. Wallahi nilikwenda! Kama hatua kumi, au ishirini, upepo ukiwa masikioni na mapaja yamenibeba bila kutetemeka, na nikasikia furaha ambayo sijaisikia tangu nikiwa mtoto. Nikasema kumbe hiki ndicho wanacholipia.

Halafu mbao moja ikakutana na jiwe.

Bernado alikuja mbio. Eufrasia alikuja akitembea. Goti la kushoto limevimba kama embe. Eufrasia akalikanda kwa maji ya moto na chumvi, hakusema neno la utani hata moja, na hapo ndipo nilipojua sura yangu ilivyokuwa.

30 Desemba

Nimerudi Musoma. Kijiweni wamenipokea kwa takbiri. Goti limenisaidia: nimeshuka kwenye bodaboda nikichechemea, Khalidi akapiga kelele, "Mnaona? Mnaona? Huyo katoka kwenye theluji!" Nikawapa yote. Mlima, mashine, nilivyompita Mjerumani mmoja. Picha? Simu iliganda, ikabidi tuiweke kwenye sufuria. Khalidi hakuuliza swali. Alinimiminia kahawa na kuwanyamazisha wengine.

Nilimrudishia kofia. Akainusa, akasema kofia ina harufu ya moshi wa kuni. Nikasema wana mahoteli ya kizamani. Akanitazama, akaikunja, akaiweka mfukoni, akasema ndiyo, mahoteli.

2 Januari

Nimeahirisha kwenda kwa dada kwa kisingizio cha goti. Leo nimekwenda.

Ameketi kitandani na mito mitatu nyuma. Uso umekuwa mdogo. Nikaanza na mashine ya kupandisha watu, akainua kidole.

"Umemwona akitembea?"

"Nimemwona."

"Anatembeaje?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Anatembea vizuri dada, ana afya. Lakini maneno hayakutosha kwa namna alivyokuwa amenikazia macho, nikaona bora nimwonyeshe. Nikasimama. Nikamtembea Sabiha. Namkumbuka alivyokuwa akirudi ziwani na ndoo kichwani, shingo juu, mkono mmoja unapepea, kisigino kinagusa chini kama kinabisha hodi. Nilitoka kabatini mpaka dirishani, nikageuka, nikarudi. Nilijitahidi kwa uwezo wangu wote. Sijawahi kumwiga mtu vizuri kama vile.

Nilipogeuka nikamwona dada ameweka kanga mdomoni.

"Kwa hiyo anachechemea," akasema.

"Hapana! Hapana dada, huyo ni mimi. Ni goti langu. Ni theluji."

"Rashidi. Nimekuuliza anatembeaje, ukasimama ukanionyesha. Mguu wa kushoto. Sasa unasema siyo yeye."

"Ni mimi, dada. Wallahi ni mimi."

"Nilijua kuna kitu," akasema, lakini hakuwa ananiambia mimi. "Kila Jumapili amekaa. Nilijua."

Ningeweza kusema sikwenda. Ningesema hilo goti ni la Butiama, na mbao ni za tenga la nyanya, basi angejua kwamba sijamwona mwanawe. Na baada ya hapo angeniuliza kwa nini sikwenda. Tena alichokiona ni kweli. Nilimficha kwa mdomo wiki zote hizo, goti likamwambia kwa hatua chache.

Dada akageukia ukutani, polepole, kwa sababu pumzi hairuhusu haraka. Nikakaa naye. Nje kulinguruma, tukasubiri. Hakukunyesha.

Halafu akauliza, bila kugeuka: "Na dagaa? Aliwala?"

"Alilamba kopo, dada."

"Hakusema chumvi imezidi?"

"Hakusema."

"Mimi sikuonja. Wamenikataza chumvi. Nilikisia kwa mkono tu."

5 Januari

Mawingu. Nimekaa ukutani asubuhi, mguu mmoja. Mapaja hayaumi. Sijui nayaandaa kwa ajili ya nini.

Dada haongei sana. Jumapili hii simu ya Sabiha ilipoita, aliipokea, akamwambia tu, "Kaa mwanangu, usisimame." Wakatazamana hivyo mpaka mtandao ukakata kweli.

Niandike jambo moja dogo, kwa kuwa yale makubwa kila mtu atayajua. Siku ile ya Krismasi, stoo, katikati ya magunia, wageni wakila pilau upande wa pili wa ukuta, nilifungua kopo. Nilisema nionje mmoja. Niliwala wote, mpaka unga wa chini, kwa kidole. Chumvi haikuzidi. Walikuwa dagaa watamu kuliko wote aliowahi kukaanga dada yangu, na ni mimi peke yangu ninayejua, na sina namna ya kumsifu.